Yaya wa Misiera

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na minane. Mradi uliokuwa ukinilipa kama mkalimani umefika mwisho, mkataba wangu umekwisha pamoja nao, na ofisi yetu katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ikanifanyia sherehe ya soda na keki. Keki ilikuwa imeandikwa "Pumzika kwa Amani". Aliyeiagiza alitaka kunitakia mapumziko mema, na mwokaji wa Mbarara hakuona sababu ya kuuliza zaidi. Nilikula kipande chenye neno "Amani" nikawaachia wengine kilichobaki.

Baba yangu ni sajini mstaafu, anaishi nyuma ya kambi ya jeshi pale Mbarara. Alinipokea mlangoni kwa saluti.

"Karibu kwa wastaafu, Mwalimu," akasema. Ananiita Mwalimu tangu nilipokwenda chuo kusomea Kiswahili, na si kwa heshima. "Huku kazi iko moja tu. Kulalamika."

"Nitajifunza, Taata."

"Hapana jifunza. Wewe unajua tayari."

Mmoja wenu mliobaki kazini aliniomba niandike niliyoyaona, ili wakalimani wapya wasianze gizani kama nilivyoanza mimi. Wawili kati yenu mna umri wa kunizaa, lakini katika kazi hii nimewatangulia, kwa hiyo mtanivumilia. Vyeo sitavigusa kwa sababu sikupata hata kimoja. Mshahara mnaujua. Nitaandika juu ya kiti, juu ya herufi moja, na juu ya mvulana mmoja na mdogo wake, ambao majina yao nimeyabadilisha.

Nilikulia katika nyumba za wanajeshi, ambako Kiswahili ni lugha ya amri. Taata hutumia vitenzi kama anavyotumia filimbi, kwa kifupi na kwa sauti kubwa. Baadaye chuoni nilifundishwa upatanisho wa ngeli na mwalimu aliyefumba macho kwa uchungu kila aliposikia mtu akisema "kitu yangu". Nilipohitimu nilijiona nimekamilika. Siku yangu ya kwanza Nakivale, mama mmoja kutoka Kivu Kusini, Kongo, aliniuliza, "Madame, fasi ya kuandikisha batoto iko wapi? Kuko batu mingi, hatuone mulango." Nilielewa kila neno. Nikashindwa kujibu kwa sababu kichwani nilikuwa bado nasahihisha sentensi yake. Akanisubiri kidogo, kisha akamgeukia mwenzake na kumwambia kwa upole, "Huyu hasikie Kiswahili."

Aliyeniokoa siku ile, na siku nyingi baadaye, ni Afande Peninah, afisa wa watoto. Alikuwa muuguzi jeshini kabla ya kuja kwetu, na jina la Afande lilimfuata pamoja na tabia ya kutembea kana kwamba nyuma yake kuna wadi nzima. Alimwelekeza yule mama mlangoni, akanishika mkono akanipeleka pembeni.

"Sikia. Wewe ni bomba," akaniambia. "Maji inaingia huku, inatoka huku. Bomba haina maoni."

Nililiwaza neno hilo kwa muda mrefu. Je, bomba lenye kutu halibadilishi ladha ya maji? Je, maji yakiwa ya moto? Nilipompelekea maswali hayo Afande alinimiminia kikombe cha bushera, ule uji wetu wa mtama, akasema, "Kunywa. Halafu nenda kazi."

Chombo cha kwanza mtakachokabidhiwa ni kiti kifupi cha chumba cha mahojiano. Vile viti havikununuliwa hivyo. Afande alivikata miguu kwa msumeno wa kuazima, ili mtoto akikaa aone macho ya watu wazima badala ya magoti yao. Alipima kwa jicho tu, na jicho la muuguzi si la seremala. Cha mkalimani kinayumba upande wa kushoto. Msijaribu kukirekebisha kwa kuweka karatasi chini. Nimejaribu, mtoto akaiona akadhani ni jibu limefichwa. Kaeni mkiegemea kulia, mtazoea.

Jambo la pili ni herufi "a".

Kiswahili hakisemi kama mtu ni mwanamke au mwanamume. "Alikuja, akanipa maji, akaondoka." Huyo anaweza kuwa shangazi, mwanajeshi au mtoto wa jirani, na msikilizaji hana haraka. Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya mafaili yetu, hakina subira hiyo. Kinataka kujua kabla hujafika kwenye kitenzi. Mwanzoni nilikuwa nasimamisha mahojiano kila baada ya sentensi. Mtoto anasema "akatuficha", mimi nauliza "Mwanamke au mwanamume?" Mtoto anasema "akatupikia", nauliza tena. Siku moja msichana alikuwa akinieleza habari za ndugu yake aliyekaa palepale kando yake, ameshika kofia mapajani. Nikauliza swali langu. Msichana akanitazama kwa huruma. "Madame," akasema, "wewe haumuone?"

Tangu hapo nilijifunza kuacha "a" ipite kama ilivyo pale inapowezekana, na kuuliza pale panapolazimika. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililofanya kazi yote ninayotaka kuwasimulia.

Kuna jambo jingine ambalo hamtalikuta katika mafunzo. Wasichana waliofika bila mzazi waliulizwa nani aliwagusa, nani aliwaahidi ndoa, wanalala wapi. Wavulana waliulizwa kama walishika bunduki, walifuata kundi gani, na wana miaka mingapi kwa kweli. Maswali yote hayo ni ya lazima, nimeona kwa nini. Lakini msichana aliyebebeshwa bunduki hakuulizwa, na mvulana aliyeguswa hakuulizwa, na watoto ni watu wa adabu: swali usilowauliza hawalijibu. Afande Peninah aliuliza yote kwa wote, kwa sauti ileile ya kuuliza kama umekula. Tena alimuuliza kila mtoto kama anataka mkalimani wa kike au wa kiume. Kabla yake wasichana waliletewa mwanamke, na wavulana walipewa yeyote aliyekuwa hana kazi.

Riziki na Sifa waliingia kwa njia ya Kikagate, kutoka upande wa Tanzania, wakiwa juu ya lori la mahindi. Riziki alikuwa na miaka kumi na mitano. Sifa alikuwa na minne au mitano; yeye mwenyewe alionyesha vidole vyote vya mkono mmoja, akakunja kimoja, akakitazama, akakikunjua. Wazazi wao walipotezana nao Kivu Kusini, na hadi naandika haya hatujapata habari zao.

Karani wa mapokezi, mwanamke wa Kabingo mwenye kicheko kikubwa, alimwinamia Sifa. "Wewe umekuja na nani, bambi?"

"Niko na yaya," Sifa akajibu.

Kwetu Uganda yaya ni msichana wa kazi anayelea watoto. Karani alinyoosha shingo akachungulia nyuma yao.

"Banange! Mkimbizi ako na yaya? Mimi mwenyewe sina! Iko wapi, mwambie akuje."

Sifa akamwonyesha Riziki kwa kidevu.

"Eh! Na yaya yenyewe ni kijana!"

Riziki alitutazama mmoja baada ya mwingine bila kuelewa kinachochekesha. Nikamweleza karani kwamba kwa Wakongomani yaya ni yule aliyekutangulia kuzaliwa, awe dada au kaka. Karani akacheka mpaka akakaa. Mpaka jioni ofisi nzima ilikuwa ikimwita mvulana yule Yaya. Nilihofia kwamba ameaibishwa, nikamwendea kumwomba radhi kwa niaba ya serikali, ofisi na kamusi.

"Hapana mubaya, Madame," akasema. "Si niko yaya yake?"

Aliyewahoji ni Bwana Bariyo, ofisa wa maombi ya hifadhi, mtu makini anayeandika taratibu kwa kalamu ya wino. Afande alikaa upande wa watoto. Alianza na swali lake: mkalimani wa kike au wa kiume?

"Yoyote," Riziki akasema. "Basi anisikie."

Bwana Bariyo akauliza kama aliwahi kubeba silaha. Hapana. Akauliza habari za kijiji, za njia, za mpaka. Kisha akarudi palepale, kama wanavyorudi wote kwa wavulana: ana hakika hakubeba chochote njiani?

"Nilibeba Sifa," Riziki akasema. "Ni muzito."

Ilipofika zamu ya Afande, akataka kujua nani alikuwa akimpikia mtoto.

"Miye."

"Anakula nini?"

"Anakula yote, ila dongodongo anaikatala." Dongodongo ni bamia. "Lakini ukiitwanga pamoja na karanga, hatajua."

"Najua," Sifa akasema kutoka chini ya meza.

"Na nywele, nani anasuka yeye?"

Nywele za Sifa zilikuwa zimesukwa mistari myembamba iliyonyooka kuliko miguu ya viti vyetu. Riziki akasema ni yeye. Mama yao alikuwa msusi sokoni, naye akimshikia nyuzi, akaona jinsi inavyofanywa. "Mu njia nilikuwa nasuka bamama, banatupatia chakula. Hata mwenye lori, nilisuka bibi yake, njo akatubeba."

Bwana Bariyo aliinua kalamu akamtazama mvulana yule kama mtu aliyeambiwa kwamba mwenzake anajua kuruka. Kisha akaandika, lakini maswali yake yakabadilika. Nani anamwogesha mtoto? Wanalala namna gani? Atakapoumwa? Atakapokua?

Sitaki mumwone Bwana Bariyo kama mtu mbaya. Ana mabinti, na mafaili aliyoyasoma nimeyasoma mimi pia. Mvulana anayekua, msichana mdogo, chumba kimoja, hakuna mtu mzima: hofu yake ilikuwa hofu ya kweli. Uamuzi aliopendekeza ulikuwa Sifa aende kwa mama mlezi upande wa Rubondo, mbali ndani ya makazi, na Riziki akae katika nyumba ya wavulana karibu na Base Camp, palipo ofisi zetu. Kila mmoja na kadi yake ya familia. Wageni mtajifunza upesi kwamba kadi hiyo ndiyo mtu mwenyewe. Chakula, kiwanja na zahanati vyote huifuata.

Nilitafsiri nikichagua maneno kama anayevuka matope. Riziki alisikiliza hadi mwisho.

"Kadi mbili?"

"Mbili."

"Basi ku karatasi hatuko ndugu."

Bwana Bariyo akasema watabaki ndugu, watatembeleana. Riziki akatikisa kichwa kwa adabu, kama anayekataa kuongezwa chai.

"Siku mutamutosha kwangu," akasema, na kutosha kwao ni kuondoa, "nitamubeba, tutarudia kule tulitokea."

Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa amekwisha kufanya safari ile mara moja na alijua bei yake. Wakivuka Kikagate kurudi nyuma, hifadhi wangeipoteza wote wawili, na hakuna aliyejua lori gani lingewachukua, wala kwa malipo gani. Afande akamwomba asifanye lolote hadi kikao cha uamuzi kikae. Riziki akakubali kusubiri kikao, bila kuahidi zaidi ya hapo.

Siku zile za kusubiri Sifa alilazwa upande wa wanawake katika kituo cha mapokezi. Kila asubuhi tulimkuta Riziki mlangoni, ameshika kitana, akingoja kichwa chake kiletwe. Juma hilohilo ilikuja kesi ya msichana wa umri wake mwenye wadogo wawili, ikapita kabla chai haijapoa. Hakuna aliyemuuliza kama anajua kupika. Nilikasirika kwa niaba ya Riziki. Kisha nikaanza kuwaza kwamba labda msichana yule naye alitaka kuulizwa, na labda hakujua kupika hata kidogo, na hasira ikakosa mahali pa kukaa.

Kikao cha kuamua mambo ya watoto hufanyika Mbarara, katika chumba cha kukodi ambacho dirisha lake linatazama uwanja wa gwaride wa kambini. Lugha yake ni Kiingereza. Lakini mjumbe mmoja ni mwakilishi wa wakimbizi, na wakati ule alikuwa Pasta Byamungu, mchungaji wa Kikongomani mwenye sauti ya kuezua bati. Pasta anajua Kifaransa, Kibembe na Kiswahili. Kiingereza alisema hakihitaji kwa kuwa Mungu hajawahi kumwandikia kwa lugha hiyo. Kazi yangu ilikuwa kukaa karibu na sikio lake na kumnong'onezea kila kitu.

Tulijua vizuri msimamo wa Pasta. Miezi michache nyuma, mvulana mwingine aliomba kukaa na mdogo wake, na Pasta akasema, "Muvulana hawezi kulea. Hata fasi ya chumvi hajue." Kikao kikacheka, na kesi ile ikaishia hapo. Sasa, kwa desturi, mwakilishi wa wakimbizi ndiye anayesema kwanza, ili asiburutwe na maneno ya maofisa. Kwa hiyo Pasta angesema hapana, Bwana Bariyo ambaye ndiye mwenyekiti angesema hapana, na lori la mahindi lingepata abiria. Njiani kutoka Nakivale nilikuwa nimeihesabu hesabu hiyo upande wa mbele na wa nyuma, ikatoa jibu lilelile.

Kikaoni majina hayatajwi. Kesi huitwa kwa namba, na Afande katika ripoti zake aliandika siku zote "mtoto mkubwa" na "mtoto mdogo". Bwana Bariyo akaanza kusoma kwa Kiingereza, nami nikaanza kunong'ona. Mtoto mkubwa, miaka kumi na mitano. Alimbeba mdogo wake mgongoni. Alimpikia. Anamsuka. Alisuka wanawake njiani ili wapate chakula. Anajua mdogo wake hapendi bamia, humtwangia na karanga. Anasema akitenganishwa naye atarudi walikotoka.

Pasta alikuwa akiguna kila mstari. Mahali pa bamia alifumba macho. Mimi nilikuwa nikihangaika na jambo jingine kabisa: kama neno "kutenganishwa" ni zito mno au jepesi mno, na kama kunong'ona kwangu kunamtekenya.

"Mwakilishi?" Bwana Bariyo akauliza.

Pasta Byamungu akasimama. Huwa tunazungumza tumekaa, lakini yeye akasimama.

"Bwana mwenyekiti, miye sitasema mingi," akaanza. "Muache ule binti na mudogo wake."

Kalamu yangu ikasimama.

"Binti mwenye alipita inchi mzima na mutoto ku mugongo, njo munamuuliza kama atamuweza? Banamama bangapi hapa Nakivale banajua kufichia mutoto dongodongo mu karanga? Bibi yangu mwenyewe alishindwa! Ule binti ni mama tayari. Mukimutenga na ule mutoto, mutakuwa mumeua batu wawili na kalamu moja. Nimemaliza."

Akakaa. Watu wote wakanigeukia mimi.

Neno lilikuwa binti. Bomba halina maoni. Nikatafsiri kama alivyosema, neno kwa neno, na binti akabaki binti.

Bwana Bariyo akavua miwani. "Binti gani?"

"Anauliza nini, Madame?" Pasta akaninong'oneza.

"Anauliza ni binti gani, Pasta."

"Si ule tunamusema!"

"Mwambie," Bwana Bariyo akasema polepole, "kwamba mtoto mkubwa ni mvulana."

Nikamwambia. Pasta akanigeukia.

"Muvulana?"

"Mvulana."

"Ule anasuka?"

"Ndiye huyohuyo."

"Mwenye karanga?"

"Ndiye, Pasta."

Uwanjani askari walikuwa wakifundishwa kugeuka kushoto, na kulikuwa na mmoja aliyegeuka kulia, nadhani, kwa sababu mkufunzi alikuwa akimweleza mambo juu ya ukoo wake. Afande Peninah aliangalia kikombe chake.

"Madame," Pasta akasema, "wewe ulinidanganya."

Mkalimani hajitetei kikaoni. Afande ndiye aliyejibu.

"Hapana, Pasta. Yeye alisema 'anasuka'. Alisema 'anapika'. Kitenge, wewe mwenyewe ndio ulivalisha yule mtoto."

Mjumbe mmoja akakohoa kuficha kicheko, akashindwa. Nilimtazama Pasta nikitegemea radi. Mtu ameaibika mbele ya serikali, na njia rahisi ya kutoka ilikuwa wazi mbele yake: aseme hakuelewa, afute aliyoyasema, atoe lile lake la chumvi. Bwana Bariyo hata alimfungulia mlango. Alisema kwamba, kwa kuwa mjumbe hakuelewa kesi, anaweza kuondoa maoni yake.

Nikatafsiri hilo pia. Sitasahau jinsi lilivyokuwa zito.

Pasta alitoa leso, akafuta paji la uso, akaikunja mara nne.

"Ile mambo mulisoma," akauliza, "ni ya kweli ao si ya kweli?"

"Ni ya kweli," Bwana Bariyo akasema. "Afisa wa watoto ameyahakikisha."

"Basi nilielewa." Akarudisha leso mfukoni. "Miye hamukunisomea suruali. Mulinisomea kazi. Saa nilizania ni binti, ile kazi ilitosha. Sasa itapungua namna gani?"

Nikatafsiri. Bwana Bariyo alibaki ameshika miwani mkononi. Akasema, na alikuwa na haki, kwamba suala la malazi liko palepale. Pasta akasema ndiyo, liko, naye hakuwa mjinga. Kule Misiera, karibu na Base Camp, kuna mjane wa kanisani kwake, Mama Zawadi, anauza vitenge. Kiwanjani kwake kuna nyumba ndogo iliyo tupu. Mutoto alale kwa Mama Zawadi, ule mukubwa alale mu nyumba ndogo, mulango unatazama mulango. Afande atembelee kila atakapo, bila kupiga hodi. "Na kadi?" Pasta akajiuliza mwenyewe kwa sauti. "Kadi moja. Bandugu, kadi moja."

Walibishana bado, kwa muda wa kutosha chai kuletwa mara mbili. Mwishoni Bwana Bariyo alivaa miwani akaandika kwa ile kalamu ya wino: kadi moja, kwa masharti ya Mama Zawadi na ziara za Afande. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, kwamba huenda tungeirudia ile kesi ya mvulana wa miezi iliyopita. Pasta akaguna. Kesi ile ilirudiwa kweli, ingawa kwa yule tulichelewa kidogo. Alikuwa amekwisha kuhamia Kampala. Hayo nayo yaandikwe.

Tuliporudi garini Afande aliketi mbele, akageuza shingo.

"Ninsiima," akaniita kwa jina langu, "uliifanya makusudi?"

Nikamweleza yote: kwamba "a" ni "a", kwamba mvulana hakutajwa, kwamba nilikuwa nikiwaza neno kutenganishwa, kwamba baadaye nilijiuliza kama kunyamaza ni kusema, na kama bomba linaloona maji yanaelekea mahali pasipo…

"Kale, basi," akanikatiza. "Siku ingine ukifanya makusudi, usinieleze hivyo. Umeshanichosha."

Jioni nilimsimulia Taata bila kutaja mtu. Alicheka hadi akaondoa kofia. "Kumbe hiyo Kiswahili ya kitabu iko na kazi," akasema. Katika familia yetu hilo ni medali.

Riziki tulimpelekea habari kesho yake. Nilikuwa nimetayarisha sentensi tatu nzuri. Nilipofika ya kwanza, aliuliza, "Kadi ngapi?" Nikasema moja. Akamgeukia Sifa akamwambia aende akanawe miguu, wanahama.

Sasa Riziki ana kibanda Misiera, mbele ya duka la Mama Zawadi, chenye kioo kilichopasuka pembeni na viti viwili ambavyo miguu yake yote iko sawa. Asubuhi anasoma, alasiri anasuka. Siku ya mwisho ya mkataba wangu, baada ya keki, nilikwenda kwake kusukwa nywele za kustaafu. Alinisuka kwa kubana kiasi kwamba naandika haya nikiwa na nyusi zilizoinuka, na kila anayeniona anadhani nimeshangaa. Sifa, ambaye amepoteza meno mawili ya mbele na haya yote aliyokuwa nayo, alisimama juu ya debe akitoa amri juu ya mistari.

Akaja mteja, mke wa askari kutoka Mbarara aliyefuata vitenge. Akamwona mtoto juu ya debe, akasikitika kidogo kama tunavyosikitika.

"Na wewe mtoto, mama yako iko wapi?"

"Hayuko hapa," Sifa akasema. "Niko na yaya."

"Ah, kumbe iko na yaya." Yule mama akageuka kulia na kushoto, akachungulia dukani, akachungulia nyuma ya kibanda, akimtafuta msichana wa kazi. Riziki alikuwa ameshika kitana kwa meno, mikono yote miwili kichwani mwangu. Sifa akanitazama akingoja nimweleze mgeni, maana ndiyo kazi yangu.

Nikanyamaza. Nilikuwa nimestaafu.